Saadani na Jirani Zake: Vijiji vya Mrima katika Hifadhi ya Taifa

Kitenzi hifadhi, kilichoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, kimeishi pwani ya Afrika Mashariki maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya chuoni. Mtoto huhifadhi Kurani, yaani huitia moyoni sura baada ya sura hata asihitaji tena kufungua msahafu. Maisha ya pili ni ya ofisini, nayo ni machanga zaidi. Katika Tanzania eneo lililotengwa kwa ajili ya wanyama na mimea huitwa Hifadhi ya Taifa. Nchini Kenya watu wengi husema mbuga ya wanyama, ingawa mbuga kwa asili ni uwanda wa majani tu, wala haina habari ya serikali ndani yake. Kabla ya kufikia daraja ya Hifadhi ya Taifa, maeneo mengi ya Tanzania yalipitia daraja ya pori la akiba. Msamiati huu wa kiserikali una sifa moja iliyo wazi: pori, mbuga, akiba na hifadhi ni maneno yasiyomtaja binadamu. Msomaji asiyejua mahali penyewe hudhani kwamba kilichohifadhiwa kilikuwa kitupu tangu zamani.

Makala haya yanakusudia kueleza mahali pamoja ambapo dhana hiyo haisimami hata kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko pwani ya Tanzania, kati ya Bagamoyo na Pangani, ikitazamana na kisiwa cha Unguja kwa umbali wa chini ya kilomita 50 za bahari. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,100. Kusini mwake unapita mto Wami. Magharibi umo msitu wa Zaraninge. Kaskazini inafika katika nchi ya Mkwaja. Ndani ya mzunguko huo, na pembezoni mwake, vimo vijiji ambavyo historia yake imeandikwa kwa wino na kwa baruti muda mrefu kabla ya bango la kwanza la hifadhi kusimikwa. Kijiji cha Saadani chenyewe, kilichoipa hifadhi jina, kimezungukwa nayo pande zote za bara. Kwa upande wa nne kina bahari.

Haiba ya kijiji hiki si ya namna inayopatikana katika picha za mbuga za bara. Hapa minazi na nyumba za udongo zilizoezekwa makuti au mabati zimesimama mahali ambapo nyati, twiga, kongoni, kuro na tohe hupita si mbali na ua wa mtu. Mara mojamoja tembo hushuka hadi mchangani. Ngalawa na mashua hupakia nyavu kwenye maji yaliyo na rangi ya udongo, kwa sababu mto Wami humwaga tope lake baharini na tope hilo ndilo linalolisha mikoko. Katika mikoko hukulia kamba, nao kamba ndio waliolipatia jina la Saadani umaarufu katika masoko ya samaki. Wavuvi huwavua kwa nyavu. Katika pwani hii yote wanawake nao hutanda uduvi kwa vitambaa majini, kisha hao hukaushwa juani. Upo pia ulimwengu wa chumvi: majaruba mapana ambamo maji ya bahari huachwa yakauke, na ambamo heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, hupenda kusimama. Karibu na kijiji yangalipo magofu ya boma na makaburi ya Wajerumani, na mgeni asiyepata wa kumweleza huyapita kama mtu apitaye ukuta wa ghala.

Majina ya mahali ni shahidi wa kwanza wa ukale wa makazi haya. Uvinje, ambacho ni kitongoji cha Saadani, ni jina lililotokana na mvinje, mti mrefu wa pwani wenye majani kama nywele. Mikocheni, kijiji cha upande wa kaskazini, ni mahali penye mikoche. Buyuni ina kile kiambishi cha mahali -ni kilichozoeleka, kikiwa kimeambatishwa kwenye buyu. Majina ya namna hii hutolewa na watu wanaokaa mahali, wanaochuma, wanaokata boriti na wanaopumzika kivulini. Hayatolewi na wapita njia. Mtu anayesoma ramani ya hifadhi kwa jicho la mwanaisimu husoma orodha ya miti na matumizi yake.

Jina la Saadani lenyewe lina mgogoro wake. Iko hadithi inayosimuliwa kwamba Mwarabu mmoja wa pale alikuwa na saa, na kila alipoulizwa wakati alijibiwa mwulizaji kuwa saa iko ndani. Kutokana na maneno hayo, saa ndani, pakaitwa Saadani. Hadithi ni tamu, lakini fonolojia inaikataa. Katika Kiswahili cha Mrima, kama katika lahaja nyingine, sauti nd ya neno ndani haiachi unazali wake ovyo ikabaki d pekee. Maneno yaliyoungana kwa namna hiyo huhifadhi n yake. Zaidi ya hayo, Kiarabu kina mzizi wa siin, ayn na daal uliozaa maneno saada, Saidi, Sudi na Masudi, na ndio uliozaa jina la mtu Saadani. Irabu ndefu ya mwanzo, iliyobeba kumbukumbu ya ayn, inafaa sana hapa. Hata hivyo hadithi ya saa isitupwe. Inaonyesha jinsi wazee walivyoukumbuka wakati ambapo chombo cha kuhesabu saa kilikuwa ajabu ya mji mzima, na nyumba yenye chombo hicho ilikuwa alama ya njia. Etimolojia ya wenyeji mara nyingi hukosea asili ya neno, ikahifadhi ukweli wa maisha.

Kabla ya Saadani, jina lililovuma katika sehemu hii lilikuwa Utondwe. Huo ulikuwa mji wa Waswahili uliojulikana hata kwa Wareno, na ulikuwa bandari ya maana katika pwani ya katikati ya Pangani na Bagamoyo. Utondwe ulififia, na katika karne ya 19 Saadani ikashika nafasi yake. Mji huu ulikuwa na utaratibu wa utawala uliokuwa wa kawaida katika miji ya Mrima, wenye madaraja ya jumbe, diwani, shaha, waziri na akida, kila mmoja na haki zake na ada zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaeleza mambo haya kwa kirefu katika habari zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na yeyote anayetaka kuelewa heshima ya kilemba cha jumbe, au sababu ya mgeni kutoa hongo kabla ya kupita, hana budi kuanzia hapo.

Utajiri wa mji ulitoka bara. Misafara ya Wanyamwezi ilishusha pembe za ndovu, nayo ilirudi na nguo, shanga, waya na bunduki. Watumwa nao walipitishwa hapa. Baada ya mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, na amri za Sultani Barghash za mwaka 1876 zilizokataza misafara ya watumwa ya nchi kavu, biashara hiyo ilijificha, lakini haikufa mara moja. Haifai kuisimulia haiba ya mji huu na kuinyamazia habari hiyo. Mchanga uleule unaosifiwa leo kwa weupe wake ulikanyagwa na watu wasiokuwa na hiari ya safari yao.

Faida ya Saadani kwa msafiri ilikuwa njia yake. Kutoka hapa hadi Mpwapwa mtu alipita juu ya bonde la Wami, akaepuka baadhi ya mabwawa ya nyuma ya Bagamoyo. Ndiyo sababu mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta njia ya kwenda Ujiji na Uganda waliichagua. Alexander Mackay aliujaribu mto Wami kwa mashua ya mvuke mwaka huo, akaona haupitiki. Mwaka 1877 akafyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mwenziwe wa chama kingine, Roger Price, alikuwa amekwisha kuwapitisha ng'ombe wachache katika njia ileile mwaka 1876, akadhani kwamba magari ya kukokotwa na maksai yangeweza kuchukua mahali pa wapagazi. Msafara mkubwa wa mwaka 1877 ulipoijaribu dhana hiyo, maksai walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wapagazi wakarudi kuwa ndio magari ya nchi. Jambo hili linastahili kuwekwa akilini, kwa kuwa mbung'o watarudi tena katika habari hii baada ya miaka themanini, na mara hiyo pia watashinda.

Mtu ambaye jina lake haliachani na Saadani ni Bwana Heri bin Juma. Alikuwa mtawala wa mji na nchi ya nyuma yake, na nguvu zake zilikuwa na mguu mmoja pwani na mguu mwingine kwa Wazigua. Kwa lugha na mavazi alikuwa mtu wa mjini; kwa udugu na askari alikuwa mtu wa Uzigua. Hakukubali kuwa liwali wa mtu. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani Barghash yalipojaribu kumtia chini, aliyarudisha nyuma, na tangu hapo Unguja ilimwacha aendeshe mambo yake. Kwa bahati tu, jina la mtawala na jina la mji yana maana zinazokaribiana, maana heri na saada ni ndugu.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipotweka bendera yake na kudai ushuru, miji ya pwani iliinuka mmoja baada ya mwingine kuanzia Agosti na Septemba. Katika vitabu vingi vita hivi hupewa jina la Bushiri bin Salim wa Pangani, naye alistahili, lakini Bwana Heri alipigana kwa muda mrefu kuliko yeye. Tofauti baina yao ilikuwa kubwa. Bushiri alitegemea askari wa kukodi na Waarabu wenye mashamba; Bwana Heri aliwategemea watu wa nchi yake, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Januari 1889 mmisionari Mwingereza na baadhi ya wafuasi wake waliuawa karibu na Saadani, tukio lililoongeza hasira ya Ulaya. Juni 1889 Hermann von Wissmann, akisaidiwa na mizinga ya manowari, aliupiga mji na kuuteketeza. Bwana Heri alirudi nyuma hadi Mlembule, akajenga ngome ya magogo porini, na ngome hiyo haikuvunjwa mpaka Januari 1890. Bushiri alikuwa amekwisha kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Aprili 1890 Bwana Heri aliweka silaha chini. Wajerumani hawakumnyonga, walimruhusu arudi Saadani na kuujenga upya mji walioupiga wao wenyewe. Uamuzi huo haukuwa wa huruma tupu. Nchi ilikuwa imeingiwa na njaa, misafara ilikuwa imekatika, na hapakuwa na mtu mwingine ambaye Wazigua wangemtii. Mwaka 1894 aliinuka tena, akashindwa, akakimbilia Unguja. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa Kitanga aliyeuishi wakati huo, aliviweka vita vya Wajerumani vya Mrima katika utenzi, na utenzi huo umekuwa ukisomwa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki kwa sababu za kishairi. Ungefaa pia kusomwa na wenye kuwaongoza watalii, kwa maana magofu hayajielezi yenyewe.

Mji ulipoteza nguvu zake bila ya vita vingine. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu tangu mwaka 1891. Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tanga reli nyingine ilielekea Moshi. Mzigo uliokuwa ukishuka mabegani mwa Wanyamwezi ukapanda gari moshi, na Saadani ikaachwa katikati ya reli mbili bila ya kuguswa na hata moja. Ndivyo mji ulivyokuwa kijiji. Kwa upande mwingine, usahaulifu huo ndio uliowaacha wanyama. Mahali ambapo reli ilipita, mashamba ya mkonge na miji vilifuata. Wapendao hifadhi hawana budi kukiri kwamba uzuri wanaoulinda ni mtoto wa kufilisika kwa mji.

Kuhusu lugha, vijiji hivi vimekaa mpakani. Kiswahili chao ni cha Mrima, lahaja ambayo Charles Sacleux aliisikia Bagamoyo na kuiingiza katika kamusi yake kubwa iliyotoka mwaka 1939 hadi 1941. Nyuma yake imesimama lugha ya Kizigua upande wa kaskazini na magharibi, Kidoe upande wa Wami, na Kikwere kusini zaidi. Lugha hizi zote Guthrie aliziweka katika eneo la G pamoja na Kiswahili chenyewe, na ukaribu huo umerahisisha mambo: mtu huhama kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili bila ya kuona kwamba amevuka mto. Matokeo yake ni kwamba Kidoe, chenye wasemaji wachache, kinazidi kupungua, na kupungua kwake hakupigi kelele. Msamiati unaotangulia kupotea katika hali ya namna hii ni ule wa msituni, majina ya miti, ya mizizi ya dawa na ya wanyama wadogo, kwa sababu mtoto asiyeruhusiwa kuingia msituni hana haja ya majina hayo. Jambo hili halipimwi katika taarifa za uhifadhi. Msitu hulindwa mti kwa mti, na majina ya miti yakaachwa yajitafutie njia.

Ajabu ni kwamba tawi moja la Kizigua limehifadhika mbali sana na kwao. Katika bonde la mto Juba nchini Somalia kuna watu wanaojiita Wazigua, ambao lugha yao huitwa pia Kimushunguli. Masimulizi yao yanawarudisha Mrima, katika njaa kubwa ya karne ya 19, wakati watu wa Uzigua waliposhuka pwani kutafuta chakula, wakapakiwa vyomboni na kujikuta watumwa Benadir. Walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao msituni kando ya Juba, na wakaendelea kusema lugha yao kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya. Wengine walipelekwa Marekani, na wengine walirejea Tanzania wakapewa makazi Chogo, katika wilaya ya Handeni, ambako waliwakuta jamaa wanaoelewana nao kwa Kizigua. Mwanaisimu hupata hapa mfano adimu wa lugha moja iliyotengana kwa tarehe inayokadirika na kukutana tena.

Kaskazini mwa Saadani, katika nchi ya Mkwaja, miaka ya 1950 ilileta jaribio jingine la ng'ombe. Kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi kubwa ili kuwalisha nyama wafanyakazi wa mashamba yake ya Tanga. Vichaka vilifyekwa, ng'ombe maelfu wakaletwa, wakapigwa sindano za kuzuia nagana mwaka hata mwaka. Kwa muda mambo yalionekana kwenda. Lakini mbung'o hawakwisha, na malisho yalipochoshwa, mgunga wa miba ulivamia uwanda na kuufunga. Gharama za dawa na za kufyeka zikapanda, wakati bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuanguka katika soko la dunia tangu nyuzi za viwandani zilipoenea katika miaka ya 1960. Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Watafiti walioikagua ardhi yake baadaye waligundua kwamba mahali palipokuwa na mazizi pangali na rutuba kuliko pembeni yake, na kwamba wanyama wa porini hupendelea kula majani ya hapo. Basi ngiri wa hifadhi hula katika zizi la ng'ombe, ingawa mtazamaji aliye ndani ya gari huona pori tu.

Upande wa Saadani pori la akiba lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Baadaye pori hilo, ardhi ya ranchi ya Mkwaja, sehemu ya mto Wami na msitu wa Zaraninge viliunganishwa, na Hifadhi ya Taifa ikatangazwa rasmi mwaka 2005. Hapo ndipo tofauti baina ya maneno mawili ya kiserikali ilipogeuka kuwa tofauti ya maisha. Katika Hifadhi ya Taifa, kwa sheria ya Tanzania, watu hawakai. Wamasai walihamishwa Serengeti kwa msingi huo mwaka 1959. Kwa hiyo lililokuwa swali la jiografia, yaani mpaka unapita wapi, lilikuwa wakati huohuo swali la nani ana kwao na nani amevamia.

Uvinje ndiko swali hilo lilikouma zaidi. Wakazi wake, pamoja na wenzao wa kijiji cha Saadani, wamesisitiza kwamba wazee wao walikubali pori la akiba lianzishwe kwa sharti kwamba ardhi ya pwani ya vitongoji vyao isiguswe. Wenye mamlaka ya hifadhi walishika mpaka uliotangazwa, ambao uliingiza pwani hiyo ndani. Katika mashauri ya aina hii kila upande huja na ushahidi wa aina yake. Mwanakijiji huleta minazi iliyopandwa na babu, kisima, makaburi, na maneno yaliyosemwa mbele ya watu. Ofisi huleta ramani na tangazo la gazeti la serikali. Kwa mwenye kuzoea utamaduni wa masimulizi, ushahidi wa kwanza hauna upungufu wowote. Mkataba wa mdomo mbele ya mashahidi ndio uliokuwa mkataba katika miji ya Mrima kwa karne nyingi. Lakini mahakama na wizara haziusomi kwa urahisi, na wakati wazee waliokuwapo wanapofariki, upande mmoja wa shauri hupoteza nyaraka zake.

Haikuwa lazima hifadhi na kijiji viwe maadui wa kisheria. Uingereza imezipa hifadhi zake za taifa maana nyingine kabisa: ile ya Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951, ina vijiji, makanisa, mashamba na maduka ndani yake, na nyumba za mawe za wakulima zinahesabiwa kuwa sehemu ya kile kinacholindwa. Ni kinaya kwamba dola iliyojenga hifadhi zisizo na watu katika makoloni yake ilijenga kwao hifadhi zenye watu. Karibu zaidi, katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga nchini Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, vijiji vya Wabajuni vimo ndani ya mipaka na wavuvi wake huvua kwa masharti. Mfano huo hauna ukamilifu. Masharti huzua malalamiko yake. Lakini haukuwataka watu wajithibitishe upya kuwa wenyeji.

Maisha ya siku zote ya vijiji vya Saadani yanaendelea kati ya pande hizo. Mkulima wa muhogo na mtama hulinda shamba dhidi ya ngedere, nguruwe na, usiku, tembo; anayepotewa na mavuno yake hana ulinzi wa aina ile aliyopewa aliyeyala. Katika fukwe za Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai, na wenyeji wa pwani, ambao zamani waliyala mayai hayo, ndio wajuao kuzisoma nyayo zake na kukisia kiota kilipo. Ujuzi uliokuwa wa kuwinda unaweza kugeuzwa kuwa ujuzi wa kulinda bila ya kubadilisha hata neno moja la msamiati wake. Mikoko nayo ina wajuzi wake, watu wanaotofautisha mkandaa na mchu kwa gome tu, na wanaojua boriti ipi huvumilia mchwa. Wavuvi wa kamba wamekuwa na ugomvi wao wa muda mrefu na meli kubwa za kukokota nyavu, ambazo huvua katika maji yaleyale kwa siku moja kiasi ambacho ngalawa haikifikii kwa msimu.

Sasa barabara inakuja. Tangu miaka ya mwanzo ya 2020 kazi ya kujenga barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Pangani hadi Tanga imekuwa ikiendelea, pamoja na daraja la mto Pangani. Saadani, iliyorukwa na reli mbili, itakuwa tena karibu na njia kuu, miaka zaidi ya mia moja na arobaini baada ya Mackay kufyeka yake. Wenye hoteli wanaihesabu barabara hiyo kwa idadi ya wageni, wahifadhi kwa idadi ya wanyama watakaogongwa, na wenye kamba kwa saa ambazo barafu itachukua kuyeyuka kabla ya kufika sokoni. Wazee wa vitongoji wanauliza ni ardhi ya nani itakayopanda bei, na kama majina yao yatakuwamo katika daftari siku hiyo.